Bi Mapokezi na Gauni la Hariri

Masikio Bi Mapokezi alipewa kwa ajili ya kuvalia hereni. Kusikiliza hakukuwa kazi yake. Ukianza tu kusema, "Bi Mapokezi, sufuria yangu," yeye keshapata jibu, keshalipanga, na amefika kwenye kusuuza, wakati wewe bado hujasema kama sufuria imeungua au imeibwa. Na kumkatiza huwezi. Utasimama hapo ndoo yako inafurika, unatikisa kichwa, unasema ehe, ehe, mpaka amalize.

Ugonjwa huo aliutoa kazini. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye meza ya mapokezi ya ofisi ya maji, nyuma ya kioo chenye tundu, simu kushoto na kengele kulia. Siku ya kwanza bosi wake alimwambia kwamba kwenye meza ile neno moja tu lilikuwa marufuku, nalo ni "sijui". Mteja akiuliza kwa nini bomba lake linatoa tope, ajibiwe. Akiuliza litaacha lini, ajibiwe. Jibu likiwa la kweli, vizuri. Lisipokuwa la kweli, mteja atakuwa ameshashuka ngazi. Bi Mapokezi alilishika agizo lile kwa mikono miwili. Siku anastaafu walimpa saa ya ukutani na keki, akavua kitambulisho, akapanda basi kurudi nyumbani. Ile marufuku akasahau kuirudisha.

Nyumbani kwenyewe ni nyumba ya kupanga, vyumba vimeuzunguka ua wa saruji, bomba moja katikati, kamba za kuanikia nguo zimekatiza juu kutoka ukuta hadi ukuta. Mumewe alikuwa amefariki. Mwanawe wa pekee, fundi friji, alikuwa amehamia upande wa pili wa mji. Basi kila asubuhi Bi Mapokezi alitoa kigoda chake, akakiweka kando ya bomba, akakaa na kikombe cha chai mkononi na mgongo umenyooka, kama vile kuna kioo mbele yake. Na maswali yalikuja, jamani, yalikuja bila kukosa.

Mke wa seremala aliuliza namna ya kuondoa harufu ya vitunguu mikononi. Kinyozi, ambaye hakuwa ameoa na alipika mwenyewe, na ungejua tu kwa moshi, aliuliza kuhusu sufuria iliyoshika ukoko mweusi. Mama Pacha, jirani wa mlango wa pili, aliuliza kuhusu shuka lake jipya la maua ya zambarau lililopata doa la kutu kwenye kamba. Wote walijibiwa. Majibu hayo Bi Mapokezi aliyatoa wapi? Popote. Mengine aliyasikia redioni nusu, nusu nyingine akaijaza mwenyewe. Lile la kutu alilitunga palepale Mama Pacha akiwa bado anafumba mdomo: maji ya moto kabisa, dawa ya kung'arishia nguo, ile inayouma pua, konzi ya chumvi, kisha nguo ianikwe jua la utosi ikiwa haijakamuliwa. Kwa nini isikamuliwe? Kwa sababu lilimjia hivyo, na likishamjia limekuwa sheria.

Sasa ua ule ulikuwa na adabu yake. Ushauri ulihesabiwa kama bakuli la kuazima: hulirudishi tupu. Ukishauriwa leo, kesho unapita kwenye kigoda unasema, "Imekubali, Bi Mapokezi." Yeye anapokea kwa kutikisa kichwa kidogo tu, kama daktari. Tangu aanze kukaa pale, hakuna hata shauri lake moja lililorudi na habari nyingine. Angekuwa mtu wa kushtuka, angeshtuka. Lakini huyu alichukua kama haki yake, akazidi kunyoosha mgongo.

Kuna kitu kingine alikiona, maana macho hayakuwa na hitilafu. Ua ulifagiwa kwa zamu, leo chumba hiki, kesho kile, yeye alisamehewa kwa ajili ya umri. Na mara nyingi aliyekuja kuuliza alikuwa ndiye mwenye fagio mkononi. Alilifikiria jambo hilo, akahitimisha kuwa kufagia kunafungua akili, na aliwahi kumwambia hivyo kinyozi, akimsisitizia afagie zaidi. Kinyozi alikohoa, akainamia takataka zake.

Na mwisho wa kila mwezi dobi wa pale kona, mwenye mlango wa buluu, alimletea kipande cha sabuni ya kufulia kimefungwa kwenye gazeti. Alimwamkia kwa kupinda magoti. Bi Mapokezi aliipokea sabuni ile kama salamu ya mtaalamu kwa mtaalamu mwenzake. Alikuwa amevikwa kilemba cha ukoka mpaka shingo inauma, na yeye anakiweka sawa kwenye kioo.

Basi mwanawe akapata mchumba. Msichana mwenyewe alikuwa mwalimu wa chekechea, mpole, mwenye sauti ya kuongea na watu wafupi. Mama yake alikuwa amefariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na shangazi. Kitu alichoachiwa na mama yake, cha kushika mkononi, kilikuwa kimoja tu: gauni la harusi, hariri nyeupe, mikono mirefu, vifungo vidogo mgongoni. Alikuwa amekua akilitazama kabatini. Alikuwa ameahidi kulivaa, na harusi ilikuwa imekaribia.

Siku walipokuja kumtembelea mama mkwe mtarajiwa, msichana alikuwa amelibeba kwenye mfuko. Henga ya waya ya kutundikia nguo ilikuwa imeliachia doa la kutu kiunoni, dogo, kama punje ya maharage. Walipomaliza chai, akasema kwa heshima yake yote:

"Samahani, mama. Nilitaka kukuuliza, dobi mzuri wa huku kwenu yuko wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Linakaa kwenye kiganja. Jibu lake ni mlango wa buluu pale kona, hata mtoto wa chekechea angelijibu. Lakini Bi Mapokezi alichosikia ni kwamba kuna doa nyumbani kwake na mtu anataka kulipeleka kwingine. Akaliomba gauni. Akaliangalia doa kwa kulisogeza mbali na macho, kisha karibu.

Mwanawe akajikohoza. Huyu kijana siku nzima anabishana na mafriji ya watu na anayashinda, lakini mbele ya mama yake alikuwa hana ubavu. Akasema polepole kwamba labda dobi angefaa, maana ni hariri, maana ni ya zamani, maana. Bi Mapokezi akamtazama.

"Dobi ni wa watu wasio na mama," akasema.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria, na aliyekuwa hana mama alikuwa ameketi mbele yake na kikombe mkononi. Msichana akatazama chai. Bi Mapokezi akaona alivyojisahau, na namna yake ya kuomba radhi ikawa ni ileile ya siku zote: akatoa huduma. Akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, niachie mimi. Keshokutwa utalikuta jeupe kuliko siku lililoshonwa." Msichana alimtazama mchumba wake. Mchumba wake alikuwa anatazama ile saa ya ukutani. Basi akaliacha.

Usiku ule Bi Mapokezi alilala na furaha ya kweli kifuani. Tangu mwanawe ahame, hajawahi kumuomba kitu. Sasa Mungu amemletea binti, na binti amekuja na swali. Alijiona tayari miaka ya mbele, mkwewe anapiga simu kila siku, mama, mtoto anaharisha, mama, mapazia yamepauka, na yeye anajibu. Hakutaka yule msichana apendezwe naye kidogo tu. Alitaka kupendwa naye hasa, na hakujua njia nyingine.

Asubuhi akatoka na beseni. Hapa lazima niseme jambo ambalo mwenyewe hakuliona kuwa ni jambo: katika mashauri yote aliyoyagawa pale bombani, hakuna hata moja alilowahi kulifanya kwa mikono yake. Nguo zake alifua kwa sabuni na maji kama watu wote. Leo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Akamimina maji yanayotokota. Akatia ile dawa inayouma pua. Akatia chumvi, akaongeza na nyingine ya heshima. Ua mzima ulikuwa nje. Mke wa seremala alikuwa na fagio, Mama Pacha anajaza ndoo, kinyozi anapiga mswaki. Walipoona kile kitambaa kinachong'aa kinatoka kwenye mfuko, mswaki wa kinyozi ulisimama mdomoni.

"Hilo ni la nani?" Mama Pacha akauliza.

"La mkwe wangu. La marehemu mama yake."

Wakatazamana, wote watatu. Mke wa seremala alifungua mdomo akaufunga. Kinyozi akasema kitu kuhusu dobi, na povu likameza nusu ya maneno. Mama Pacha ndiye aliyejitahidi zaidi: alisema hariri ni kitu cha kuogopa. Bi Mapokezi akacheka, akamkumbusha, "Si wewe uliyeniambia shuka lako lilitoka kama jipya?" Hapo ndipo mtu mzima mwenye akili angesema ukweli, na pale walikuwepo watatu wa namna hiyo. Badala yake Mama Pacha alisema, "Ndiyo, lilitoka." Kisha akabeba ndoo yake haijajaa, akaingia ndani. Gauni likazama kwenye beseni.

Mchana Bi Mapokezi alilitoa. Kwanza alifikiri ni kivuli cha kamba. Akalihamishia kwenye jua. Hariri yote ilikuwa imegeuka manjano, siyo manjano ya kweli, ile ya meno ya mvutaji, yenye mabaka, hapa imekolea na pale imepauka. Na lile doa, punje ya maharage, lilikuwa limeshiba. Lilikuwa limetanuka, jekundu lililoiva, kama mtu amezima sigara kiunoni pa bibi harusi.

Akalikunja haraka kabla mtu hajatoka, akaliingiza ndani, akafunga mlango na komeo. Akakaa kitandani nalo mapajani linamlowesha. Alitafuta jibu kichwani, akalikuta, akalitafuta lingine, akalikuta, yalikuwa mengi tu na yote yanaanza na maji ya moto. Hapo kwa mara ya kwanza akayaogopa.

Akakata shauri kwenda kuuliza. Kuuliza waziwazi hakuweza, ulimi ungekatika. Akabisha hodi kwa mke wa seremala, akasema ana rafiki yake wa zamani wa kazini, maskini, kaharibu nguo ya hariri kwa dawa, je, afanyeje? Mke wa seremala hakusita. Maji ya moto kabisa, akasema, na chumvi, kisha jua la utosi bila kukamua. Aliyasema kwa sauti ileile ya Bi Mapokezi bombani, na kidole kileile hewani. Bi Mapokezi alishukuru. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, lakini naye akamjibu mlangoni: chumvi, jua, asikamue. Mteja, shingo imefunikwa na shuka la kinyozi, akasema hata kwao wanafanya hivyo, na ni dawa kweli.

Alipofika kwa Mama Pacha alikuwa hana tena rafiki wa kazini.

"Nataka kujua kitu kimoja," akasema kabla hodi haijaitikiwa. "Lile shuka lako. Lilitoka au halikutoka?"

Mama Pacha alitazama chini, pale kizingitini. Bi Mapokezi naye akatazama. Alikuwa amesimama juu ya kipande cha kitambaa kilichokunjwa mara mbili kwa ajili ya kufutia miguu. Kilikuwa cha rangi ya kutu, na pembeni, pale dawa haikufika, palikuwa na ua moja la zambarau.

"Uliniambia limekubali," akasema.

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umefurahi sana, Bi Mapokezi. Ningekuambiaje?"

Aibu ikampanda kutoka miguuni, palepale alipokuwa amekanyaga. Akauliza sufuria ya kinyozi. Ilitoboka, akaitupa. Mikono ya mke wa seremala ilibabuka wiki nzima. Tangu hapo hakuna aliyejaribu tena kitu. Wakishamuuliza yeye bombani, nguo zilipita kwa mlango wa nyuma kwenda kwa dobi. Wale wachache waliowahi kujaribu, nguo zao zilikwenda kwa dobi mbio zaidi.

"Sasa kama ndivyo," Bi Mapokezi akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kupasuka, "kila siku mnaniuliza ya nini?"

Mama Pacha alimvuta ndani, akamkalisha. Akamwambia. Ule wakati alipostaafu, alijifungia chumbani. Asubuhi moja mke wa seremala alisikia sauti ukutani, Bi Mapokezi peke yake, anasema, "Habari za asubuhi, ofisi ya maji, nikusaidie nini?" Ananyamaza kidogo. Kisha anasema tena. Siku ya pili hivyohivyo. Wakaogopa. Wakakaa wapangaji wote wakapanga kwamba kila asubuhi mmoja wao amtolee swali, atoke nje. Kulikuwa tayari na zamu ya kufagia, kwa nini wahangaike kupanga nyingine? Anayefagia ndiye anayeuliza.

"Kuna siku mtu hana swali kabisa," Mama Pacha akasema. "Yule wa vitunguu hata havikuwa vimemnukia, alijaribu kwa adabu tu."

Alisema hivyo kwa kufariji, haki ya Mungu, alidhani anafariji. Bi Mapokezi akainuka. Hasira na huzuni vilimjia pamoja na hakujua atoe kipi. Miaka yote ile alijiona ndiye nguzo ya ua, kumbe alikuwa kwenye orodha ya kazi za usafi. Akaondoka bila kuaga, akachukua ule mfuko, akatoka getini.

Dobi alikuwa ananyoosha mashati. Alimwona, akapinda magoti kama kawaida. Kisha pua yake ikachezacheza, mfuko haujafunguliwa.

"Chumvi na dawa," akasema.

"Umejuaje?"

"Mama, zile nguo za ua wenu zilizoharibika zote zilikuja na harufu hii."

Akalitandaza gauni mezani, akaacha kutabasamu. Aliligusa kwa ncha za vidole tu. Akasema weupe hauwezi kurudi, hariri imekula dawa mpaka ndani, na ukiifikicha itachanika. Kuna kitu kimoja kinawezekana, kulitia rangi lote liwe sawasawa, na hilo lazima mwenyewe aamue. Bi Mapokezi akauliza, kwa sauti ndogo, kuhusu ile sabuni ya mwisho wa mwezi. Dobi alikuwa mwepesi wa maneno, lakini hapo alitafuta kidogo.

"Ni shukrani," akasema. "Wewe ndiye unayeniletea wateja, mama. Nilipanua duka kwa ajili yako."

Siku iliyofuata wachumba wakaja. Bi Mapokezi alikuwa amelitandaza gauni kitandani, amekaa kando yake, ameshajifunza moyoni atakachosema. Hakupewa nafasi. Msichana alisimama mlangoni, akaliona. Uso ukamshuka, mkono ukamwenda mdomoni, ukarudi. Kisha akasema, kwa ile sauti ya kuongea na watu wafupi:

"Limetakata, mama. Asante."

Bi Mapokezi alikuwa ameyasikia maneno ya aina hiyo kila siku kwa miaka, na kila siku yalikuwa matamu. Leo aliyaonja kwa mara ya kwanza yakiwa yamevuliwa nguo.

"Nani kakufundisha kusema hivyo?"

Msichana akamtazama mchumba wake. Mchumba wake akatazama saa ya ukutani, kumbe na yeye alikuwa kwenye zamu tangu utotoni.

"Usiniambie limetakata," Bi Mapokezi akasema. "Wameniambia wote. Gauni la mama yako nimeliharibu. Sikuwa najua ninachofanya, na sikutaka kusema sijui."

Hapo yule mpole akalia, tena siyo kilio cha adabu. Alilichukua gauni akalikumbatia na mabaka yake. Alipopata pumzi alimtazama mama mkwe moja kwa moja, na sauti ya chekechea ilikuwa imekwisha.

"Nilikuuliza dobi yuko wapi, mama. Basi. Hukunisikiliza."

Bi Mapokezi akaitikia kwa kichwa. Saa ya ofisi ya maji iligonga ukutani. Kisha msichana akafuta uso kwa kiganja, akasema mama yake alilivaa na yeye atalivaa, liwe la rangi yoyote, iwe isiwe. Akatoka nalo. Pale uani alimuuliza Mama Pacha njia ya kwa dobi, Mama Pacha akamwonyesha.

Asubuhi zilizofuata kigoda hakikutoka. Kinyozi alifagia, akabaki amesimama na fagio lake na swali lake kuhusu kunguni, hana pa kulipeleka. Mke wa seremala alitega sikio ukutani, hakusikia ofisi ya maji wala nini. Siku moja tu Bi Mapokezi alitoka mapema kabla ya wote, akachukua fagio, akafagia ua mzima peke yake mpaka nyuma ya choo. Waliamka wakaukuta umeng'aa, na hakuna aliyejua sasa nani amuulize nani.

Harusi ikafika. Ukumbi ulikuwa wa kukodi, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa, maikrofoni inakoroma. Bibi harusi akaingia na minong'ono ikasambaa meza hadi meza. Gauni lilikuwa rangi ya chai yenye maziwa kidogo, lote sawasawa, kiunoni limefungwa utepe mpana pale palipokuwa na doa. Dobi alikuwa amelilaza kwenye maji ya majani ya chai na kulifuatilia kama mgonjwa. Na lilipendeza, mwenzangu, usiseme. Wale waliokuja na meupe yao walijiona wamevaa mashuka ya hospitali.

Mke wa bosi wa bwana harusi, mama mmoja mnene mwenye mabinti watatu wa kuozwa, hakuweza kuvumilia. Akamwendea bibi harusi mpaka kwenye kiti chake, akamuuliza rangi ile imepatikanaje. Bibi harusi akaelekeza kidevu upande wa pili wa ukumbi.

"Muulizeni mama mkwe," akasema, bila kutabasamu. "Ilianzia mikononi mwake."

Basi wakamwendea, mama mnene mbele, wanawake wengine nyuma, wengine na sahani zao. Wakamzunguka. Bi Mapokezi akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa na fagio. Hawa hawakuwa wa zamu, hawakumwonea huruma, hata hawakumjua. Walikuwa na swali, swali hasa, na walikuwa wanamsubiri yeye. Meza ya majirani iliacha kutafuna. Kinyozi alishika kijiko hewani.

Mgongo ulimnyooka wenyewe. Kidole kikaanza kupanda. Jibu lilikuwa limeshamjia, lilikuwa zuri, lilianza na maji ya moto kabisa, na lingepokelewa na wote wale kwa vichwa vinavyotikisika. Akalisikia limefika kwenye meno. Ng'ambo ya ukumbi bibi harusi alikuwa amegeuza kiti, anamtazama.

"Sijui," Bi Mapokezi akasema.

Mama mnene akacheka, akamwambia asiwanyime siri. Watu wote wenye siri nzuri husema hivyo.

"Mimi niliharibu," Bi Mapokezi akasema. "Aliyetengeneza ni dobi."

"Dobi gani? Yuko wapi?"

"Ukitoka getini kwetu, shika kulia," akasema. "Nenda mpaka kona. Utaona mlango wa buluu."

Walisubiri aendelee, na kwa kweli hata yeye alisubiri. Hakukuwa na zaidi. Wanawake wakarudi kwenye sahani zao wakikariri kulia, kona, mlango wa buluu. Bibi harusi akanyanyua pindo la gauni lake la rangi ya chai, akavuka ukumbi, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi kando ya mama mkwe. Hakusema imekubali.